Wakuu, tunataka kupiga kambi na kuvua Kipili, Ziwa Tanganyika, mwezi wa 6. Naombeni ushauri kabla sijatawanya hela za watu

MtunzaDaftari
Habari za jioni wakuu, shikamoo kwa wakubwa. Tuko washkaji watano tuliosoma pamoja sekondari, wanne tuko Dar mmoja Mbeya. Kila mwaka tunasema safari hii lazima tutoke, inaishia tunakutana Sinza kwenye kitimoto tunalaumiana. Mwaka huu tumejikaza tumechanga kweli, 380,000 kila kichwa, jumla 1,900,000 na yote iko kwangu ndo maana usingizi sina.

Mpango uko hivi: basi Dar mpaka Sumbawanga, wa Mbeya tunampitia njiani, tunalala hapo, kesho yake Namanyere halafu tunashuka Kipili. Pale kuna boti ya mbao itatupeleka kisiwani, sehemu isiyo na watu wala mtandao, tunapiga hema siku nne, tunavua kwa ndoano na kula tulichovua. Huyo wa Mbeya ndo kamanda wa wazo lote na ameshanitumisha advansi 300,000 kwa mwenye boti. Tarehe ni 20 Juni maana ndo likizo zetu zimekutana.

Kinachonitatiza, kwanza mmoja wetu ana mwili kidogo na hajui kuogelea hata kwenye beseni, halafu anasema laifu jaketi linamfanya aonekane mtoto. Pili hakuna hata mmoja aliyewahi kuvua ziwani, mimi uzoefu wangu ni kambare wa mtaroni nikiwa darasa la nne. Tatu kamanda anasema tusibebe chakula kingi, eti samaki wapo wa kumwaga. Wenye uzoefu wa kule nisaidieni, matusi nitayasoma baadaye.

TumboHalinaLikizo
Watu watano siku nne mnategemea samaki ambao hamjawahi kuwavua?? Mkuu bebeni unga. Bebeni unga, mchele, maharage, mafuta, chumvi, vitunguu na ndimu, halafu samaki akija awe mboga. Nakaa hapa nasubiri mrejesho.

Mwana wa Kirando
Mdogo wangu kabla ya unga na jaketi, hiyo tarehe umeiangalia vizuri? 20 Juni ziwa linakuwa limefungwa. Ilianza 2024, nchi zote nne zenye ziwa, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mialo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, inakuwa kimya, huku watu wanahesabu siku kama wanasubiri mwezi wa Idi. Sasa wewe utoke Dar na ndoano zako mpya utegeshe mbele ya mvuvi aliyefunga mtumbwi miezi mitatu watoto wanakula kisamvu, unafikiri atakuchukuliaje? Piga simu ofisi ya uvuvi halmashauri ya Nkasi, pale Namanyere, uulize tarehe za mwaka huu na kibali cha kuvua kwa starehe kinapatikanaje. Usimuulize mwenye boti, yeye ana boti na anataka abiria.

MtunzaDaftari
Mkuu umenikata maini. Hakuna aliyejua hata mmoja. Nimempigia kamanda sasa hivi anasema wanaozuiwa ni wenye nyavu, ndoano haihusiki, na kwamba mwenye boti kamwambia "njooni tu".

Mwana wa Kirando
"Njooni tu" sio kibali. Sheria haitafsiriwi kwa simu kutoka Mbeya, mwambie hivyo. Na hata kama afisa uvuvi atasema ndoano ruksa, mwezi wa 6 na wa 7 ndo kusi lenyewe. Upepo unatoka kusini unalichapa ziwa lote kwa urefu wake na hili ziwa ni refu sana, kwa hiyo mawimbi yanapata nafasi ya kukua. Mwenye boti makini atakwambia leo hatutoki, na ukikaa Kipili siku mbili unasubiri upepo hiyo likizo imeisha. Sogezeni mpaka katikati ya Septemba. Ziwa lishafunguliwa, upepo umepungua, mvua bado. Halafu tafuteni siku za giza, sio mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa wanapumzika maana samaki hawafuati taa, ila kukiwa na giza utaona taa zimejipanga ziwani mpaka utadhani kuna mji ng'ambo. Ndoano zenu mtafanya mchana, mkae karibu na mawe, hapo ndo kuna kuhe, samaki mkubwa wa ziwa hili. Ukipata kuhe usimkaange, mchome na chumvi na ndimu tu, utanikumbuka.

Mzee wa Ujiji
Njooni Kigoma bwana, samaki wale wale na hoteli zipo. Ila Mahale msije na ndoano, ile ni hifadhi na eneo la maji linaingia ziwani zaidi ya kilomita moja na nusu, humo hakuna kuvua.

PlagiImelowa
Mimi naongelea huyo wa jaketi. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa sita kwenye boti ya mbao ziwa hilo hilo, injini moja, tumetoka saa 9 alasiri kwa sababu mwenzetu alichelewa kununua sigara. Katikati injini ikakohoa ikazima. Jamaa akavuta kamba, akavuta, akavuta mpaka kiganja kikachubuka, ikabidi afungue plagi aifute na shati lake huku anaishika kwa meno tochi ya simu maana kiza kimeshaingia. Boti bila injini inageuka ubavu kwenye wimbi, hilo hatukulijua. Maji yanaingia hatuna ndoo, tukachukua sufuria ya ugali, ugali wenyewe bado umo, tukaumwaga ziwani tukaanza kuchota. Tulikuwa na majaketi mawili watu sita. Hakuna aliyesema kitu lakini kila mtu alikuwa anayaangalia yale majaketi, na mpaka leo hatujawahi kuliongelea hilo wenyewe kwa wenyewe.

Kwa hiyo jaketi kila mtu na lake, linavaliwa kabla ya kupanda, na nunueni Dar mjaribishe, hasa huyo mwenye mwili, maana yale ya kuazima hayamfungi kifuani. Asiyetaka kuvaa abaki Kipili alinde mabegi. Muulizeni mwenye boti kama ana injini ya akiba, plagi za akiba, kasia na ndoo ya kuchotea. Akicheka tafuteni mwingine. Na muacheni mtu nchi kavu anayejua mko kisiwa gani na mnarudi siku gani, ili msipoonekana boti ije.

Nesi wa Zamu
Naongezea kwa upande wangu. Neti, tena ya kuchomekea, hema zenu za Kariakoo zipu zake huwa zinakufa siku ya kwanza. Mkirudi mtu akipata homa ndani ya wiki mbili tatu aende akapime malaria, msigawane dawa. Maji ya ziwa lile ni meupe mpaka unaona mawe chini lakini chemsheni. Kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia yenye majani, ogeleeni sehemu ya mawe na mawimbi, na baada ya miezi miwili hivi kapimeni hata kama hamuumwi. Ndoano itamchoma mtu, hiyo hesabu kabisa, kwa hiyo bebeni plaisi ya kukatia na mchome sindano ya pepopunda kabla. Ikiingia karibu na jicho msiguse, funikeni mwende kutibiwa Kirando.

Mwana wa Kirando
Dada amenena. La mwisho kwangu, msipige hema kwenye njia ya kiboko. Utaiona, majani yamelala kama yamepitiwa na trekta na mavi yametapanywa kwenye vichaka. Anatoka usiku kula, akirudi akakuta hema lako kati yake na maji hatazunguka. Kutumbua samaki fanyieni mbali na mnapochota maji, mamba ananusa. Na usiku msitembee peku kwenye mawe, kuna nyoka wa majini anayekula samaki, ana sumu kali japo mpole msipomgusa.

TumboHalinaLikizo
Mmeanza na samaki wa kuchoma mmeishia na kiboko, mamba na nyoka. Mimi Sinza inanitosha.

MtunzaDaftari
Wakuu mrejesho. Nimepiga Namanyere asubuhi, nimepokelewa vizuri tu, na mama wa pale kaniambia neno kwa neno "Juni usije na ndoano, njoo Septemba upitie hapa kwanza". Nikaweka kwenye grupu letu. Kamanda akanyamaza masaa matatu halafu akaandika "mimi nilikuwa najua", sijui alikuwa anajua nini. Mwenye boti kakataa kurudisha advansi ila kakubali kuihamishia Septemba, na nilipomuuliza injini ya akiba akasema ipo ya nguvu farasi 15 na plagi nne, hakucheka. Mshkaji wetu jana tulienda naye Kariakoo kujaribu jaketi. Mbili za kwanza hazikufunga, muuza duka akatoa moja ya rangi ya chungwa iko kama godoro, akaivaa, akajipiga picha mwenyewe akaweka stetasi. Kwa hiyo hilo limeisha.

Mmoja kajitoa, likizo yake haisogei, nimemrudishia 320,000 baada ya kukata sehemu yake ya advansi na ameninunia. Tumebaki wanne. Sasa swali la mwisho, kuna mtu Mbeya au Sumbawanga anakodisha hema la watu wawili lenye zipu nzima?

Mwana wa Kirando
Mimi nina moja. Zipu nzima, ila lina harufu ya migebuka, samaki wa huku. Njoo inbox.