Mdhamini mpya wa kituo cha watoto Kenya: akaguliwe vipi?

Swali: Wakuu, tunaongeza mdhamini (trustee, mmoja wa wasimamizi wa kituo). Cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai) kinatosha?

Jibu: Hakitoshi, ila anzeni nacho. Aombe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, achapishe fomu C24 ya alama za vidole pande zote mbili za karatasi moja, kisha achukuliwe alama hizo Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Alama zikififia atarudia. Nyinyi wenyewe wapigieni waajiri wake wa zamani, muulize waziwazi: mngemrudisha kazini na watoto?

Jibu: Naongezea. Cheti huonyesha yaliyofika polisi tu. Mtu mzima asijifungie chumbani na mtoto, hata mwenyekiti. Malalamiko yawe na njia mbili, kwani huenda anayeyapokea ndiye mlalamikiwa. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Ibandikeni bwenini, si ofisini.