Nageuza stoo iwe chumba cha kuundia mishale ya mashindano: nianze na nini?

Njiro_Shabaha

Wakuu, habari za jioni. Nipo Njiro, Arusha. Huu ni mwaka wa pili nalenga shabaha kwa upinde wa aina inayotumika Olimpiki, nguvu yake ratili 34. Mishale yote niliyonayo niliagiza ikiwa tayari imeunganishwa, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Tangu mwezi uliopita, kila nikipiga mita 30, mishale miwili kati ya sita inatua chini ya wenzake. Nikaiwekea alama ya wino mwekundu, nikaichanganya na mingine, nikapiga bila kuangalia ni upi. Ni ile ile miwili. Jirani yangu ni dalali wa tanzanite, nikaenda nayo kwake akanipimia kwa mizani ya vito. Minne ikasoma karati 107 na nusu, kwa kupishana kidogo sana. Miwili ikasoma 112. Sikuamini, tukarudia mara tatu.

Sasa nimeamua niwe naunda mwenyewe. Binamu ameniletea mabomba 12 ya kaboni, yaani miili mitupu ya mishale, kutoka Nairobi, ya ugumu wa 600, na manyoya ya plastiki. Chumba ninacho: stoo ya futi 8 kwa 9 nyuma ya jiko, ina dirisha moja upande wa Mlima Meru. Mke wangu amekubali kuhamisha magunia ya mahindi kwa sharti kwamba watoto wetu, wa miaka 4 na 7, wasiweze kugusa chochote humo ndani.

Wazo la chumba nililitoa kwa mjomba wangu aliyeko Texas. Nilikaa kwake wiki tatu. Yeye anashindana kwa bunduki na hujaza risasi zake mwenyewe gereji. Meza nzito imefungwa ukutani kwa bolti, mashine ya mkono iko juu yake, mizani ya kupimia baruti iko mbali na feni, daftari pembeni. Juu ya meza haruhusu zaidi ya kopo moja la baruti kwa wakati mmoja, na simu anaiacha sebuleni. Kule wanaruhusiwa. Hapa kwetu risasi zina sheria yake na leseni zake, wala sina haja nazo. Lakini ule utaratibu wake sijausahau, ndio ninaoutaka kwenye mishale.

Bajeti ni laki tatu na nusu. Ninunue nini kwanza? Nisinunue nini?

Fundi_Sakina

Mkuu, mimi ni seremala, upinde sijawahi kushika, kwa hiyo nakujibu kuhusu meza tu. Usinunue ya dukani. Tafuta mbao za paini za inchi mbili zilizokauka sawasawa, miguu minne ya inchi nne kwa nne, uifunge ukutani sehemu mbili. Ukiegemea isicheze hata kidogo. Urefu: simama wima, kunja mkono, meza iishie chini kidogo ya kiwiko. Juu weka plaiwudi ya milimita 18, halafu bandika fomeka nyeupe. Nyeupe kwa sababu vitu vyako ni vidogo, kikidondoka utakiona. Pembeni piga ukingo wa sentimita moja visibiringike.

Kuhusu watoto, weka komeo la juu mlangoni, futi sita kwenda juu. Kabati la kufuli ndani ya chumba kisicho na komeo halitoshi.

Mama_Vipimo

Mwanangu wa Njiro, hongera. Mimi nipo Moshi, Shanty Town. Nimestaafu kazi ya maabara, na nalenga shabaha mwaka wa nne sasa. Hilo ulilofanya, kuweka alama na kupiga bila kuangalia, ndiyo kazi yenyewe. Wengi wangebadilisha upinde kwanza.

Nianze na namba zako. Karati moja ni gramu 0.2, yaani greni 3 na kidogo, na greni ndicho kipimo tunachopimia uzito wa mishale. Mishale yako minne ina kama greni 332, ile miwili 346. Tofauti ni greni 14, karibu gramu nzima. Kwa upinde wa ratili 34 hiyo ni tofauti kubwa, lazima ishuke. Mimi seti yangu naipanga isipishane zaidi ya greni 2.

Kwa hiyo cha kwanza nunua mizani, kama ile ya jirani yako, inayosoma hadi gramu 0.01. Hiyo ni greni 0.15, inakutosha kabisa. Uwe na jiwe lake la kusahihishia, na uipime kila unapokaa mezani. Funga dirisha wakati wa kupima, upepo wa Meru wa jioni utakuchezea namba. Cha pili ni daftari. Kila bomba lipe namba kabla hujaligusa kwa gundi. Andika uzito wa bomba tupu, wa ncha, wa noki (kile kipande cha nyuma chenye mfuo unaoshika ugwe), wa manyoya, halafu wa mshale mzima. Usipoandika vipande, siku mshale ukizidi hutajua umezidia wapi.

Cha tatu hununui, unatengeneza. Ugumu wa 600 ulioandikwa kwenye bomba maana yake ni hii: ukiliegemeza kwenye nguzo mbili zilizoachana inchi 28, yaani sentimita 71.1, ukaning'iniza gramu 880 katikati, linapinda inchi 0.600, ambayo ni milimita 15.2. Chukua ubao, piga nguzo mbili, ning'iniza chupa ya maji uliyoijaza mpaka mizani ya jikoni isome gramu 880 pamoja na chupa na kamba yake. Soma kwa rula nzuri au kipimo cha fundi mitambo. Zungusha bomba taratibu, utaona kuna upande mmoja mgumu zaidi. Weka alama hapo. Mabomba yote 12, unyoya wa kwanza ukae upande huo huo. Mimi kazi hiyo ilinichukua jioni mbili, na mishale yangu ilikusanyika kuliko baada ya kununua kitu chochote cha bei.

Kukata. Hapa nakuomba unisikie kama mama yako. Usikate kaboni kwa msumeno wa chuma, unapasua nyuzi na mwanya hauonekani kwa macho. Tumia grinda ndogo ya kasi yenye kisahani chembamba, ukatie nje ya nyumba, barakoa ya kweli usoni na miwani. Lowesha sehemu unayokata. Vumbi lake halifai kuingia mapafuni, na hiyo stoo yako imeungana na jiko. Nguo ulizokatia usizichanganye na za watoto.

Nilikatiwa mishale yangu ya mwanzo na mtu kwa msumeno. Mmoja ulipasuka wakati naachia ugwe, kipande kikaingia kwenye kiganja cha mkono wa kushoto. Nilitolewa vijiti vya kaboni vitatu. Tangu siku hiyo kila mshale, kabla sijaupiga, naushika ncha zote mbili, naukunja kidogo huku nauzungusha karibu na sikio. Ukilia tu, nauvunja vipande viwili ili mtu mwingine asije akauokota akautumia.

Gundi: safisha bomba kwa spiriti, usilishike tena kwa vidole. Manyoya yabandikwe kwa supagluu, tone jembamba. Ncha zibandikwe kwa gundi ya fimbo inayoyeyushwa. Unapasha ncha moto, kamwe usilipashe bomba, maana moto unaharibu utomvu unaoshika kaboni. Siku ukitaka kutoa ncha, itumbukize kwenye maji ya moto kisha uivute kwa koleo.

Usichonunua sasa: mashine ya umeme ya aina yoyote zaidi ya hiyo grinda. Jigi ya kubandikia manyoya ya mkono inatosha, tena haijali kama umeme umekatika.

Kiongozi_Karatu

Naomba kuongeza neno. Napeleka wageni Ziwa Eyasi, na huwa nakaa na Wahadzabe wakiunda mishale. Mama ameeleza kupima, lakini kuna kunyoosha pia. Mzee mmoja anaupasha mti kwenye majivu ya moto, anaushika kwa meno, anaukunja kidogo, anafumba jicho moja anautazama kwa urefu wake, anarudia. Anaweza kurudia mara ishirini. Ndipo anafunga manyoya ya ndege. Kaboni huwezi kuinyoosha hivyo, najua. Lakini lile jicho mnalihitaji. Biringisha mshale juu ya kioo cha dirisha kilicholazwa, ukiona mwanga unacheza chini yake, umepinda.

Njiro_Shabaha

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili, nimenakili kwenye daftari. Maswali mawili. Noki inapimwaje, maana ni nyepesi mno? Na baada ya kuunganisha, nitajuaje kama ncha niliyochagua ni nzito inavyotakiwa?

Mama_Vipimo

Marahaba. Noki zipime kumi kwa pamoja, ugawe kwa kumi.

La pili: uegemeze mshale mzima juu ya kisu mpaka utulie, weka alama. Tuseme urefu kutoka kwenye mfuo wa noki hadi mwisho wa bomba ni sentimita 72, nusu yake 36, na mshale umetulia sentimita 45 kutoka kwenye noki. Umezidi nusu kwa 9. Tisa gawanya kwa 72 ni asilimia 12.5. Kwa mishale ya shabaha ukiwa kati ya 11 na 16 upo salama. Ikiwa chini ya hapo, ongeza uzito wa ncha.

Na ukienda kwenye mashindano yanayofuata kanuni za dunia, herufi za jina lako ziwe kwenye kila mshale, na seti yote iwe na manyoya na noki za rangi moja. Nimeona kijana akirudishwa nyuma ya mstari kwa sababu hiyo. Iandike siku ile ile unapobandika manyoya.

Njiro_Shabaha

Narudi baada ya wiki tatu. Meza imesimama, fundi wa Sakina alikuja mwenyewe kuifunga, Mungu ambariki. Komeo liko juu.

Kabla ya mabomba mapya niliitoa ile mishale miwili mizito, ncha nikazitumbukiza kwenye maji ya moto. Ncha hizi zina mkia wenye vipande vya kuvunjwa, kila kimoja greni 10. Ile minne ilikuwa imevunjwa kipande kimoja. Miwili haikuvunjwa. Greni 4 zilizobaki zilikuwa gundi, bonge zima ndani ya bomba. Nimevunja, nimesafisha, nimerudisha. Mishale yote sita sasa iko kati ya greni 331 na 333.

Jumamosi nilipiga mita 30. Alama za wino mwekundu bado zipo, na safari hii zimekaa katikati ya wenzake. Mabomba 12 nimeshapima ugumu, moja lina tofauti ya milimita nzima na mengine. Nalo nalitumia au naliweka pembeni?

Mama_Vipimo

Weka pembeni. Litumie kujifunzia kubandika manyoya.