Siku ya mwisho Paris mkiwa wawili: chumba mmerudisha, ndege ni usiku. Tupeane uzoefu

#1 (mleta mada)
Wakuu, habari za wakati huu. Nyuzi za visa na za wapi pa kulala Paris zimejaa, ila siku ya kuondoka haina uzi wake, na ndiyo inayotia doa likizo za wengi. Chukulieni mfano huu: mke na mume, chumba kinarudishwa saa 5 asubuhi, ndege inatoka Charles de Gaulle (CDG) saa 3 usiku kwenda Nairobi au Dar, masanduku mawili ya kilo 23, na fomu za kurudishiwa kodi ya manunuzi. Wanaojua waweke hatua, bei na mahali watu wanapokwama. Habari za "jiji la mapenzi" tumeshazisoma.

#2
Anzeni kuhesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Ndege ni saa 3 usiku. Kaunta ya mizigo kwa safari ndefu hufungwa takriban saa nzima kabla, kwa hiyo saa 2 mlango umefungwa. Kuna foleni ya kaunta, ya uhamiaji, ya ukaguzi wa usalama, na kama geti lenu ni la kundi L au M pale Terminali 2E, kuna kitreni cha ndani cha kupanda baada ya hapo. Muwe uwanjani saa 12 jioni kama hamna fomu za kodi, saa 11 kama mnazo. Treni ya RER B kutoka Gare du Nord ni kama dakika 35, lakini ipeni saa moja na robo, maana lifti za vituo huharibika na treni husimama njiani bila maelezo. Basi mjini mnaondoka saa 10 kasorobo.

Mkitoa saa moja na nusu ya kula na kurudi kuchukua mizigo, mmebakiwa na saa tatu. Hizo ni za sehemu moja. Wenye kupanga Louvre, Montmartre na Eiffel ndani ya saa tatu ndio mnaowaona wakiburuta masanduku kwenye ngazi huku hawasemeshani.

Sehemu yenyewe iwe kwenye njia ya RER B. Pendekezo langu ni kituo cha Saint-Michel Notre-Dame. Kanisa la Notre-Dame lilifunguliwa tena Desemba 2024 baada ya moto wa Aprili 2019, kuingia ni bure, na nafasi ya saa maalumu mnaweza kuikata mtandaoni bila malipo. Mkitoka hapo mnatembea kando ya mto Seine hadi daraja la Pont des Arts. Versailles siku hii isahauni, iko upande mwingine kabisa. Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, ya Orsay Jumatatu. Na tangu Januari 2026 Louvre inamtoza mgeni wa nje ya Ulaya euro 32, yaani 64 kwa wawili, kwa jumba mtakalolipitia mkitazama saa.

#3
Mizigo sasa. Hoteli nyingi hutunza masanduku bure baada ya kurudisha chumba, ulizeni usiku wa kabla. Waliopanga fleti ndio wenye shida, kwa sababu mwenyewe anataka kusafisha. Stesheni kubwa kama Gare du Nord zina makabati ya kulipia: begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi, mnachagua ukubwa, mnalipa, mnapewa karatasi yenye namba. Ipigeni picha karatasi hiyo. Makabati hayafunguliwi saa 24, hivyo msome saa za kufunga kabla ya kuweka. Gare du Nord inafaa kwa sababu treni ya uwanja inapita hapohapo chini, hamrudi nyuma.

Msije mkasema mtaingia nalo makumbusho. Louvre hairuhusu mzigo unaozidi sentimita 55 × 35 × 20.

Waliolala upande wa kusini wa mto wapandie Denfert-Rochereau, treni ni hiyohiyo moja kwa moja hadi uwanjani. Kubadilisha treni Châtelet mkiwa na masanduku ni adhabu, korido zake hazina mwisho.

#4
Naongezea kwa mkuu #3. RER B inagawanyika Aulnay-sous-Bois: tawi moja linakwenda CDG, lingine Mitry-Claye. Hapa ndipo wageni wanapopotea. Treni ina jina la herufi nne kwenye ubao: likianza na E inakwenda uwanjani, likianza na I inakwenda Mitry. Mkigundua mmekosea, shukeni Aulnay na msubiri inayofuata, msipitilize hapo.

Uwanjani kuna vituo viwili. CDG 1 ni ya Terminali 1 na 3, CDG 2 ni ya Terminali 2 zote. Mkishuka pasipo penu, kitreni cha CDGVAL kinawarudisha bure.

Tiketi ya uwanja ilikuwa euro 13 kwa mtu mwaka 2025, na bei hurekebishwa kila Januari. Tiketi ya kawaida ya metro haifiki huko hata kama geti la mjini limewapitisha, mtakutana na wakaguzi na faini. Kila mtu awe na kadi yake ya Navigo Easy (euro 2). Kadi moja haipitishi watu wawili kwenye safari moja, na hili huwashtukiza wenzi wengi pale getini.

Wenye pasi ya wiki ya Navigo waangalie siku. Inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili bila kujali mliinunua lini. Mkiondoka Jumapili, safari ya uwanja imo ndani. Mkiondoka Jumatatu, pasi ilikufa usiku wa manane.

#5
Mimi nasema teksi. Bei ya CDG imepangwa na serikali tangu 2016, na kwa mwaka 2025 ilikuwa euro 56 kwa upande wa kaskazini wa Seine, 65 upande wa kusini, mizigo ikiwemo, foleni iwepo isiwepo. Kwa wawili treni ni 26, tofauti ni 30 hadi 39, na masanduku mawili ya kilo 23 hayapandishwi ngazi kwa maneno. Masharti ni kwamba iwe teksi rasmi yenye taa juu, na mlango ufungwe mkiwa mmekubaliana ni bei ya "forfait" (bei hiyo iliyopangwa). Anayewafuata ndani ya stesheni akinong'ona "taxi, taxi" si dereva wa bei hiyo.

Ila Ijumaa jioni barabara ya kaskazini inajaa. Siku hiyo treni inashinda.

#6
Kodi ya manunuzi, hapa watu wanapoteza hela ya wazi, twende taratibu.

Anayestahili ni mwenye makazi nje ya Umoja wa Ulaya, miaka 16 kwenda juu, aliyekaa chini ya miezi sita. Manunuzi yazidi euro 100 katika duka moja ndani ya siku zisizozidi tatu. Mnaonyesha pasipoti dukani, mnapewa fomu yenye msimbo. Kwa wenzi kosa ni hili: mke ananunua wa euro 60, mume wa 60, kila mmoja kwa jina lake. Jumla ni 120 lakini hakuna fomu. Weka yote jina moja, na pasipoti iwe ya huyohuyo.

Uwanjani fuateni bango la Détaxe kabla ya kukabidhi masanduku. Skanini fomu kwenye mashine ya PABLO. Ikiwaka kijani, kazi imekwisha. Ikiwaka nyekundu, nendeni dirisha la forodha na bidhaa mkononi, na afisa ana haki ya kutaka kuziona. Ndiyo maana bidhaa hizo zisizikwe chini ya sanduku lililokwisha kuondoka kwenye mkanda.

VAT ya huko ni asilimia 20, lakini mkononi hufika karibu 12, nyingine ni ada ya kampuni inayoshughulikia. Chagueni kurudishiwa kwenye kadi, fedha taslimu hukatwa zaidi.

#7
Swali: ndege yetu inapitia Amsterdam. Pasipoti inakaguliwa wapi tukitoka? Na siku za visa?

#8
@#7 Amsterdam. Paris hadi Amsterdam bado mko ndani ya Schengen (nchi za Ulaya zisizokagua pasipoti kati yao), kwa hiyo muda wa kubadilisha ndege uwe na nafasi ya foleni ya uhamiaji. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa. Visa ya siku 10 ukiingia tarehe 1, unatoka tarehe 10, si 11. Fomu za kodi kwa vitu vya mkononi nazo zinashughulikiwa pale mnapoiacha Ulaya, ulizeni kaunta kabla sanduku halijapigwa lebo ya hadi mwisho.

#9
Mvinyo na manukato: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mtu mzima lita 2 za mvinyo au lita 1 ya pombe kali, na manukato jumla nusu lita, ambayo pafyumu yenyewe isizidi robo. Wawili mna lita 4, chupa tano za mililita 750. Chupa moja iliyojaa ni kilo 1.2 hadi 1.5, kwa hiyo pimeni kabla ya kujidai. Zifungeni ndani ya jinzi, katikati ya sanduku. Jibini laini kwenye begi la mkononi huhesabiwa kama majimaji na linabaki Paris.

#10
Kwa wanaotaka kufunga kufuli la mapenzi Pont des Arts: yaliondolewa Juni 2015, mwaka mmoja baada ya sehemu ya uzio kuanguka kwa uzito. Acheni kufuli nyumbani. Bora mnara wa Eiffel ukimetameta, dakika tano kila saa inapoanza baada ya giza. Desemba giza linaingia kabla ya saa 12, lakini kwa ndege ya saa 3 usiku saa hiyo muwe uwanjani, na Juni jua linazama karibu saa 4 usiku. Kwa hiyo uoneni usiku wa kabla.

#11
Sarafu za euro zimalizeni huko. Maduka ya kubadilisha fedha ya kwetu yanachukua noti tu. Supamaketi mnaweza kulipa sarafu zote halafu kiasi kilichobaki kwa kadi. Mashine ikiuliza mlipe kwa euro au kwa shilingi, chagueni euro. Na mifuko ya plastiki ya manunuzi itoeni kwenye mabegi kabla ya kutua: Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019.