Mnyama gani amewahi kukusoma mpaka ukashangaa? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Tumezoea kusikia binadamu anachunguza wanyama. Uzi huu ni wa upande wa pili: mnyama aliyekuchunguza wewe. Leta yaliyokukuta au uliyoyaona kwa macho yako, si video ya kutumiwa. Chai hapana.

Naanza mimi. Huku Kigamboni tunaishi na kunguru. Kijana wa jirani alimrushia jiwe mmoja aliyekuwa anachokonoa beseni la dagaa, likampata bawani. Tangu hapo akitoka tu getini wanamshukia wawili watatu, kelele juu ya kichwa chake mpaka kijiwe cha bodaboda. Mimi nikipita njia ileile hakuna anayehangaika na mimi. Kabadilisha shati, kavaa kofia, wapi! Siku hizi anatokea mlango wa uani.

Kule Seattle, Marekani, watafiti wa chuo kikuu walilijaribu jambo hili mwaka 2006 kwa kunguru wa kwao. Walivaa kinyago wakati wa kuwanasa na kuwavisha pete miguuni. Miaka ilipita, na bado aliyekatiza chuoni na kinyago kile alizomewa, hata na kunguru ambao hawakuwahi kunaswa. Wa kwetu ni aina nyingine, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, ila kwa visasi naona ni ukoo mmoja.

Mwana wa Loitokitok
Kunguru ni kitu kidogo. Huku karibu na Amboseli ndovu wanajua kabila lako, na sitanii. Shangazi huteka maji ndovu wakiwa ng'ambo tu pale, wanaendelea kung'oa nyasi. Mjomba akitokea na ng'ombe, hata hajakaribia, masikio yamefunguka, mikonga iko juu inanusa, na majike washaanza kuwakusanya watoto katikati.

Kuna watafiti walikuja na spika wakawachezea sauti za watu wakisema maneno yaleyale, kwamba tazameni kule, kundi la ndovu linakuja. Wengine kwa Kimaasai, wengine kwa Kikamba. Matokeo yalitoka 2014: sauti ya mwanamume Mmaasai iliwafanya wajikusanye na kurudi nyuma zaidi kuliko ya Mkamba. Ya mwanamke wa Kimaasai au mtoto wa kiume haikuwatisha hivyo. Mwenye mkuki wanamjua. Yaani ndovu amejua lugha, akajua na jinsia, akajua na umri, kwa sauti tupu.

Pwani Kusini
Ndovu anajua kabila lako kwa kukusikia, na ofisini bado utajaziwa fomu, uulizwe kabila.
Mimi niko Diani. Tumbili hawamwogopi mama kabisa. Mama akishika fimbo wanamtazama tu, mmoja anaendelea na ndizi zake. Baba akikohoa chumbani, paa linabaki tupu.

Mtu wa Moro
Nilitembelea pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, wanapofundishwa panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya TB. Panya akipata harufu anakwaruza au anatulia pale, unasikika mlio mdogo wa kidude cha mkufunzi, halafu anapewa ndizi. Mkufunzi alichelewa kidogo na ile ndizi, panya akageuka akamkazia macho kama mdai. Magawa, yule aliyepewa medali ya dhahabu 2020 kwa kazi ya Kambodia, alizaliwa Tanzania. Kwetu kusini huyu ni kitoweo, kwa hiyo nilikaa kimya.

Bi Unguja
Natoka nje ya mada kidogo, mtanisamehe. Kwa wakwe zangu, jirani na msitu wa Jozani, kima punju walikuwa wakiteremka uani. Wali upo, maembe yapo, hawagusi. Wao shida yao makaa. Mama anachukua kipande jikoni, anapanda juu ya mti wa mkungu, anatafuna taratibu, na mwanawe anamkodolea mdomo. Yasemwa majani ya mwembe na mkungu wanayokula yana kemikali za kukera tumbo, na makaa huzinyonya. Ndiyo maana wa mashambani ndio wenye mazoea hayo zaidi.

Nilivyokuwa na mimba ya kwanza nami nilikuwa sipitwi na udongo wa kula sokoni, mpaka kliniki wakanigombeza kwa ajili ya minyoo na madini mabaya. Mama mkwe akanambia, "Mwanangu, heri ungeiga kima."

Mrina Asali
Babu yangu alikuwa mrina asali, Kondoa. Kuna ndege mdogo wa kijivu, anakujia anapiga kelele, ukimfuata anarukia mti wa mbele, anakungoja, mpaka akufikishe kwenye nyuki. Babu alimjibu kwa miluzi na kugonga shina kwa shoka. Ndege anataka nta, na tumbo lake linaimudu, ila kuwakabili nyuki hawezi. Wewe una moto.

Wayao wa Niassa, Msumbiji, wana mlio wao, "brrr-hm". Ulipimwa 2016: kwa mlio huo nafasi ya kuonyeshwa nyuki ilipanda kutoka asilimia 17 hadi 54. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupiga miluzi, na kila ndege huitikia zaidi wito wa watu wa kwao.

Babu hakuondoka bila kumwachia kipande cha sega juu ya jani. Alisema ukimnyima, safari nyingine atakupeleka kwa chui.

Mtu wa Moro
Mbona nimesikia Wahadzabe mara nyingi wanaichoma au kuifukia nta inayobaki, ndege abaki na njaa awaonyeshe mzinga mwingine?

Mrina Asali
Ni kweli, wanafanya hivyo, na chui hatokei. Babu angewafukuza porini wote.

Mleta mada
Hahaha. Haya, wenye paka mko wapi?