Taa ya UVB kwa kinyonga wa Yemeni: 5.0 au 10.0, na iwe umbali gani?

Mkia Pete

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wa wanaozijua taa za vinyonga.

Kinyonga ni wa Yemeni (Chamaeleo calyptratus), dume, miezi 5. Kizimba ni cha wavu wa alumini pande zote: upana sm 60, kina sm 60, kimo sm 120. Juu ya wavu kuna balbu ya joto ya wati 60 na balbu ya UVB (miale isiyoonekana, kama ya jua, inayomwezesha kinyonga kutengeneza vitamini D3 ya mifupa) ile ya kujisokota, wati 13, imeandikwa 10.0. Tawi la kuotea joto liko sm 10 chini ya balbu.

Maswali: nibaki na 10.0 au nishuke 5.0? Tyubu ndefu ina faida gani kuliko balbu? Umbali sahihi ni upi? Na mtu anajuaje kwamba UVB imezidi au imepungua, wakati yenyewe haionekani kwa macho?

Jambo jingine: tangu juzi akiwa juu anafumba macho yote mawili. Akishuka kwenye majani anayafumbua.

Tawi la Juu

Mkuu, nianze na macho, maana hayo hayasubiri. Jicho moja likifumba, mara nyingi ni vumbi, kipande cha ngozi aliyojivua au kidonda. Yakifumba yote mawili chini ya taa halafu yakafunguka kivulini, mshuku taa. Balbu ya 10.0 ikiwa sm 10 juu ya tawi, mgongo na kichwa vyake viko karibu zaidi ya hapo. Izime leo. Mwachie balbu ya joto na taa ya kawaida ya mwanga mweupe ili mchana ubaki mchana. Siku chache bila UVB hazitampa matege, lakini siku chache zaidi chini ya taa inayomchoma zinaweza kumuumiza macho vibaya. Yakivimba, yakitoa majimaji, au yasipofunguka vizuri ndani ya siku 2, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia. Usimtilie dawa ya macho ya binadamu kwa kukisia.

Sasa hizo namba. 5.0 na 10.0 ni asilimia ya UVB katika mwanga wa taa. Hazisemi ni kiasi gani kinamfikia mnyama. 5.0 ya wati 39 inaweza kumpa UVB nyingi kuliko 10.0 ya wati 13, kutegemea umbo la taa, kiakisi kilicho nyuma yake, wavu na umbali. Ndiyo maana jibu la "inatosha" bila kuuliza umbali halina maana yoyote.

Balbu ya kujisokota inamwaga UVB kwenye kiduara kidogo. Katikati ni kali mno, na ukisogea kidogo tu inapungua kwa kasi. Kinyonga ni mnyama mrefu na bapa. Kichwa kinaweza kuungua huku mkia haupati kitu. Nunua tyubu nyembamba ya T5 HO (aina yenye nguvu kubwa) yenye fremu na kiakisi kilichong'arishwa. Kwa kizimba cha upana wa sm 60, tyubu ya wati 24, urefu wa karibu sm 55, inakaa vizuri. Chukua 5.0 au 6%. Achana na 10.0 na 12% kama huna mita ya kupimia UVB.

Angalia pia isiwe T8. T8 ni nene, milimita 26, wakati T5 ni milimita 16. Kwa asilimia ileile T8 ni dhaifu sana, na soketi zake haziingiliani na za T5.

Nanomita 295

Niongeze kuhusu umbali, kwa sababu wengi hukosea hapa hata wakiwa wamenunua taa nzuri.

Kipimo kinachotumika ni UVI, yaani kipimo cha ukali wa miale ya UV, kilekile cha taarifa za hali ya hewa. Mwaka 2010 mtafiti Gary Ferguson na wenzake waliwagawa reptilia katika kanda 4 kulingana na UVI wanayoifuata wenyewe porini. Kinyonga wa Yemeni na Furcifer pardalis wa Madagaska huwekwa kanda ya 3. Kwa vitendo, lenga UVI 3 hivi mgongoni akiwa kwenye tawi la juu kabisa, ikishuka hadi karibu sifuri kwenye majani ya chini. Kinyonga wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, anatosheka na UVI 2 hadi 3.

Pima kutoka kwenye tyubu hadi mgongoni. Usipime hadi kwenye tawi, kwa sababu dume mkubwa wa Yemeni akisimama, kishungi cha kichwa chake kinapanda sm 8 hadi 10 juu ya tawi. Kwa T5 HO ya 6% yenye kiakisi, kupitia wavu, UVI 3 hupatikana mahali fulani kati ya sm 20 na 23. Kwa hiyo tawi lenyewe liwe kama sm 30 chini ya tyubu. Hiyo ni hesabu ya kuanzia tu. Wavu wenye matundu madogo au waya mnene unaweza kula theluthi ya UVB au zaidi, na kiakisi kikikosekana unapoteza sehemu kubwa tena.

Uhakika unatoka kwenye mita. Mita ya Solarmeter 6.5 inasoma UVI moja kwa moja, ile ya 6.2 inasoma UVB kwa jumla na namba zake si UVI, usizichanganye. Shikilia kihisi pale mgongo unapokuwa, kielekee kwenye taa. Mita ni ghali, kwa hiyo wafugaji kadhaa wakichangia moja ni busara. Kadi za kubadilika rangi hazisemi nguvu ya UVB, usizitegemee.

Vioo vya dirisha, plastiki na akriliki ya kawaida vinazuia karibu UVB yote. Taa iliyo juu ya kioo, au kizimba kilichowekwa dirishani, ni sawa na kutokuwa na UVB. Na tafadhali, taa za kukaushia rangi ya kucha, za kukagulia noti na za mitego ya wadudu zinatoa UVA, miale isiyotengeneza D3. Vitamini D3 hutengenezwa ngozini kwa mawimbi ya UVB, yenye nguvu zaidi karibu na nanomita 295. Taa za kuulia vijidudu ni mbaya zaidi: nanomita 254, UVC tupu, inaunguza macho ya kinyonga na yako.

Kivuli Kwanza

Nakubaliana na walionitangulia, ila kuna hatari moja hawajaitaja: dari. Kizimba cha wavu humfanya kinyonga apande na kuning'inia juu kabisa. Fremu ikiwa imelala juu ya wavu, mgongo wake unaweza kuwa sm 3 kutoka kwenye tyubu, na hesabu nzuri ya tawi inakuwa bure. Inua fremu kwa vigingi au minyororo, sm 10 hadi 15 juu ya wavu, kisha pandisha tawi ili umbali wa sm 20 na kitu ubaki uleule. Ukiinua na balbu ya joto, unamwokoa nayo pia, maana huunguza vishungi vingi kuliko UVB.

Joto na UVB vimulike tawi moja. D3 inayoanza kutengenezwa ngozini inahitaji joto la mwili kukamilika, na kinyonga hatajigawa kati ya tawi la joto na tawi la UVB. Mgongoni nyuzi 27 hadi 29 zinamtosha umri huo.

Majani mengi ni lazima. Kinyonga hujipimia mwenyewe akipewa pa kujificha. Taa iwake kwa saa 12, izimwe kwa saa 12, kwa taima. Usiku giza kamili, bila balbu nyekundu wala ya buluu.

Tyubu inapoteza UVB huku mwanga wake ukionekana uleule. Andika tarehe ya kuiwasha kwa kalamu kwenye kichwa cha tyubu. Bila mita, badilisha baada ya miezi 12. Mpya huwa kali zaidi katika saa 100 za mwanzo, kwa hiyo usimkaribishe. Maji ya kunyunyizia yakikauka huacha chokaa kwenye kioo chake: zima, ichomoe, iache ipoe, futa kwa kitambaa laini. Waya wa umeme uning'inie chini ya soketi ya ukutani kabla ya kupanda, ili matone yadondoke kwenye kona hiyo yasiingie kwenye plagi.

Mkia Pete

Balbu nimeizima. Leo macho yako wazi hata juu. Je, kwa kuwa UVB itakuwepo, niache kabisa unga wa D3?

Kivuli Kwanza

Usiache kabisa, punguza. Unga wa kalisi (kalsiamu) usio na D3 kidogo kila unapolisha. Yenye D3 mara 2 kwa mwezi. D3 ya mdomoni ikizidi mwili hauwezi kuizuia kama unavyozuia ile ya ngozini, na kalisi huishia kwenye figo na mishipa.

Tawi la Juu

Ukifunga tyubu mpya, mwangalie siku 7. Kufumba macho, kujificha muda wote au ngozi kukakamaa mgongoni: inua taa sm 5. Upungufu huja polepole zaidi: mshiko kulegea, ulimi kukosa shabaha au kutotoka wote, taya kuwa laini, mikono kupinda. Ukiona lolote kati ya hayo usihangaike na taa peke yake, apigwe eksirei.