Mdogo wangu anafikiriwa kwa parole: familia tuna wajibu gani?

DadaWaKilolo:
Kamwene ndugu zangu. Ninaandika kutoka Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, nikiomba maelekezo ya wanaozifahamu sheria za magereza na ya waliopitia jambo hili wenyewe. Mdogo wangu alihukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa kosa la kuua bila kukusudia, baada ya ugomvi uliozuka kilabuni wakati wa msimu wa ulanzi, ambapo alimsukuma mwenzake, naye akaangukia kisogo kwenye jiwe na kufariki kabla ya kufikishwa hospitali. Alikiri kosa mbele ya Jaji, na hatukukata rufaa.

Sasa ametumikia miaka 2 na miezi 3 katika gereza la kilimo. Nilipomtembelea mwezi uliopita, viganja vyake vikiwa vimeota sugu za jembe, aliniambia kwamba jina lake limeorodheshwa miongoni mwa wafungwa wanaofikiriwa kwa parole. Hapa nyumbani kila mtu ana tafsiri yake: baba anasema ni msamaha wa Rais, shangazi anasema ni kifungo cha nje, na yupo kijana aliyetufuata akidai kwamba shilingi laki tano zitalisogeza jina hilo mbele. Mjane wa marehemu anaishi ng'ambo ya bonde letu, tunasali naye kanisa moja, na tangu siku ya msiba hatujasemezana. Parole ni nini hasa, na familia tunatakiwa kufanya nini?

MstaafuMbeya:
Pole sana, binti yangu. Nilivaa sare za magereza kwa miaka mingi hapa Mbeya, na mchanganyiko huo wa maneno nimeukuta katika familia nyingi, kwa hiyo nitaanza nao. Msamaha wa Rais unatokana na Ibara ya 45 ya Katiba, na anayesamehewa adhabu yote huwa amemalizana nayo. Kinachoitwa mitaani kifungo cha nje kwa kawaida huamuliwa na mahakama, ama kwa kumwachia mtu kwa sharti la kutotenda kosa, ama kwa kumweka chini ya uangalizi wa afisa probesheni, ama kwa kumpa kazi za huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 2002, ambayo inahusu makosa yenye kifungo kisichozidi miaka 3. Mdogo wako hayumo katika makundi hayo.

Parole inasimamiwa na Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994, iliyorekebishwa mwaka 2002, nayo inamhusu mfungwa aliyehukumiwa miaka 4 au zaidi, aliyekwisha kutumikia theluthi moja ya kifungo akiwa na mwenendo mzuri. Haimhusu mwenye kifungo cha maisha, wala aliyefungwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha au dawa za kulevya. Bodi ya mkoa hupitia taarifa zake, kisha suala hupanda Bodi ya Taifa, na mwisho hufika kwa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya ndani. Akiachiwa, bado ni mfungwa anayetumikia adhabu yake nje ya kuta, akisimamiwa, na akivunja masharti anarudishwa ndani.

Ifanyeni hesabu vizuri ili msije mkavunjika moyo bure. Theluthi ya miaka 6 ni miaka 2, ambayo ameshaivuka. Vilevile mfungwa mwenye tabia njema na bidii ya kazi hupata msamaha wa kawaida, yaani punguzo la theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo hata parole ikikataliwa, akiendelea vizuri atatoka akiwa ametumikia miaka 4. Kuhusu huyo kijana wa laki tano, parole haina ada. Msimpe hata senti, na mkatoe taarifa TAKUKURU.

MkaziWaMakambako:
Dada, mimi nilitoka kwa parole, nami ninaandika kwa sababu najua mlivyo na hofu. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba ugumu ulianzia nje. Nilipewa siku za kuripoti na eneo la kuishi, na sikuruhusiwa kulihama bila kibali. Baba yangu mdogo alipofariki Tukuyu, ilinibidi niombe ruhusa kwanza, na nilifika watu wakiwa wanatoka makaburini. Karatasi yangu ya parole niliitia ndani ya mfuko wa nailoni na kuiweka kwenye mfuko wa shati kila siku, hata nilipokuwa napakia mbao kwenye malori, kwa kuwa palipotokea wizi wowote mtaani, watu walinitazama mimi kwanza.

Mtafutieni kazi na mahali pa kulala kabla hajatoka. Maofisa walipokuja kuuliza habari zangu nyumbani, kaka yangu aliwaonyesha chumba chenye kitanda na shamba la viazi ambalo ningelima, na ninaamini jambo hilo lilinisaidia sana.

MfiwaNjombe:
Nimesoma hadi hapa nikiwa upande wa pili wa jambo hili. Kaka yangu aliuawa, na baada ya miaka kadhaa maofisa walikuja nyumbani kutuuliza maoni yetu kuhusu kuachiwa kwa aliyemuua. Mama alikataa. Hakutaja fidia wala kisasi. Alisema tu kwamba hakuna hata mtu mmoja wa familia ile aliyewahi kuja kulitazama kaburi. Dada, nendeni kwa yule mjane, lakini msiende na sukari na mchele mkononi kama watu wanaotafuta sahihi. Na neno parole lisitajwe siku hiyo.

MstaafuMbeya:
Ndugu yangu wa Njombe, pole sana kwa msiba huo, na neno lako kuhusu kaburi ni la kweli. Hapo mwisho tu ndipo ninapotofautiana nawe. Maofisa wakifika kwa mjane wiki mbili baada ya ziara, naye hakuambiwa lolote, atajiona amechezewa, na machozi ya siku ile yatageuka kuwa hila machoni pake. Aambiwe wazi, na aambiwe pia kwamba ana haki ya kusema hapana.

DadaWaKilolo:
Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni nyote. Mfiwa wa Njombe, maneno ya mama yako nimemsomea baba jioni hii, naye akanyamaza muda mrefu, kwa kuwa sisi pia hatujafika kaburini. Tumemwomba mzee wa kanisa atangulie kumuuliza yule mjane kama atatupokea, na amwambie tangu mwanzo kwamba suala la parole lipo. Akikubali, tutakwenda Jumamosi, baba, mjomba na mimi. Akikataa, hatutamrudia kwa ajili ya parole, ila baba amesema kaburini atakwenda kwa vyovyote, iwapo familia ya marehemu itamruhusu.