MREJESHO: Tembo kwenye mahindi, mizinga ya nyuki imefanya kazi

Wakuu habarini, mimi ndo yule niliyeuliza nifanyeje, tembo wanaingia shambani kila mahindi yakikaribia kukomaa. Mlinishauri pilipili na nyuki, nikafanya vyote. Pilipili tulisaga tukachanganya na oili chafu tukapaka kwenye kamba na vitambaa kuzunguka shamba, inasaidia kweli ila mvua ikinyesha lazima upake upya.

Mizinga ndo imenifurahisha, tumeining'iniza kila baada ya mita 10 hivi, waya unaiunganisha yote, tembo akisukuma waya mizinga inatikisika nyuki wanatoka. Juzi usiku nikasikia mtikisiko nikatulia ndani, asubuhi nakuta nyayo zimefika mpaka kwenye waya halafu zikageuka, hata bua moja halijaguswa! Nilimshukuru Mungu, maana sikutaka kabisa yule mnyama aumizwe.

Angalizo tu, mzinga ambao nyuki hawajaingia usiutegemee. Mitatu yangu bado mitupu na upande huo tunalinda kwa tochi, zamu kwa zamu na majirani. Msimu ujao pembeni napanda pilipili, hiyo tembo hawaili. Asanteni sana jamani.